Mita Thelathini za Fundi Pindo

Ibara alilipiga gazeti kofi, na wote waliokaa juu ya friji wakajua leo kahawa itapoa mikononi.

Friji lenyewe ni lile refu la kulala, la dukani. Mwenyewe alilileta kwa Barafu kutengenezwa, miaka sita iliyopita, akasema anakuja kesho. Hakuja. Barafu, ambaye ni fundi friji na ndiyo maana akaitwa hivyo, maana kwa hasira yake angeitwa Jiko, alilifungua mara nne, likamshinda mara nne, akaamua kulisogeza nje ukutani. Tangu siku hiyo ndiyo kijiwe. Wembe husema ndilo friji pekee duniani linalopashwa moto kwa makalio.

"Sikieni!" Ibara akashusha miwani mpaka ncha ya pua. Alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na mpaka leo hawezi kusema jambo bila kulitia namba. "Moja. Shule ya vipaji vya soka itachukua wasichana kumi na wawili kutoka sekondari zote. Mbili. Watapimwa mbio za mita thelathini, kuruka juu, kuzunguka koni, na kukimbia kwenda na kurudi mpaka pumzi ikate. Tatu, na hapa mshike vikombe vizuri: siku hiyo mpira hautachezwa."

"Hautachezwa wapi?" Wembe akauliza. Huyu ni kinyozi, duka lake liko hatua sita tu kutoka hapo, na mteja alikuwa ndani kwenye kiti, shavu moja limenyolewa, shavu moja bado.

"Hautachezwa kabisa. Kutakuwa na saa, futi na koni. Basi."

"Unachagua mchezaji wa mpira bila mpira? Si sawa na kuchagua mpishi kwa kumpima urefu wa mikono?"

"Ni sawa na kuchagua bwana harusi kwa kumpima kola," akasema Pindo, fundi cherehani, huku futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Haivui futi hiyo hata akienda msibani.

"Usidharau kola," Wembe akasema. "Ukiikosea, bwana harusi anapumua kwa shida siku nzima."

"Atapumua kwa shida tu, kola ikikaa isikae," akasema Shangazi, akimimina kahawa. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ni yeye mwenye birika, na mwenye birika haitwi jina.

Wakacheka. Wembe akasimama, maana akiwa na hoja hawezi kukaa.

"Mimi sipingi kupima. Ila tuanze na wakubwa! Mheshimiwa wetu apimwe mita thelathini, kutoka kwenye gari lake mpaka kwenye lile shimo la barabarani. Tuone atafika mwaka gani."

"Kwenye koni atapasi," Pindo akadakia. "Kwa kukwepa, yule hana mpinzani."

"Na kuruka?"

"Kuruka maswali? Anashikilia rekodi!"

"Wembe!" sauti ikaita kutoka dukani. "Ndevu!"

"Nakuja, mzee! Acha povu lilainishe!"

Katika makelele yote hayo Barafu alikuwa kimya. Si kimya cha kukosa la kusema. Ni kimya cha mtu aliyeshika karata nzuri na anaogopa uso usije ukamfichua. Binti yake, Winga, mwenye miaka kumi na sita na mguu wa kushoto unaoogopwa na shule tatu, alikuwa ameandikwa kwenda kupimwa. Zilibaki siku tisa. Na Barafu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anangoja tu aulizwe.

Mazoezi yalianzia hapo hapo kwenye friji, wiki tano nyuma. Shule haina mwalimu wa michezo. Yupo mwalimu wa hesabu mwenye filimbi. Kwa hiyo kijiwe kikajiteua kuwa benchi la ufundi, kwa kauli moja na bila kuulizwa na mtu. Ibara akaandika ratiba yenye vifungu kumi na vinne, cha mwisho kikikataza ratiba hiyo kubadilishwa. Wembe akashika saa ya kwenye simu, na akashauri binti anyolewe upara ili nywele zisivute upepo. Winga akamjibu kwa adabu zote, "Mjomba, afadhali nikimbie na ndoo kichwani." Barafu akachora mistari ya chaki ukutani kwa ajili ya kuruka, akapanga makopo ya rangi badala ya koni. Na Pindo akapima ile njia ya mbio, kwenye uchochoro nyuma ya karakana, kwa sababu kila kazi ina mwenyewe na kupima ni kazi ya mpimaji. Barafu alipotaja futi yake ya chuma iliyo kwenye sanduku la spana, Pindo alinuna. "Hiyo ni ya kupimia milango. Mimi napima watu."

Wakamwachia apime.

"Nne," Ibara akaendelea kusoma. "Mwisho wa kuchukuliwa kwenye mita thelathini ni sekunde tano. Ukizidisha hata kidogo, unarudi nyumbani. Tano. Aliyeongoza mwaka jana, nchi nzima, alipata nne nukta tisa."

Barafu akakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

"Soma tena hapo," akasema.

"Nne nukta tisa."

"Nchi nzima?"

"Nchi nzima, pamoja na visiwa kama vipo."

Barafu akaweka kikombe chini taratibu. "Wembe, wangu Jumanne alipata ngapi?"

Wembe akatoa simu, akaitazama, akamtazama Barafu, akaitazama tena. "Nne nukta nane!"

Friji likatikisika. Pindo alimkumbatia Ibara, kitu ambacho hakijawahi kutokea na Ibara hakukipenda. Wembe akapiga mluzi mpaka mteja wake akachungulia mlangoni, povu limemkaukia kama chokaa. "Binti wa hapa! Kwenye friji hili! Wa kwanza nchi nzima!" Na kila mmoja akaanza kukumbuka mchango wake. Ibara akasema ni ratiba. Wembe akasema ni saa, maana saa mbaya humkatisha tamaa mkimbiaji. Pindo akasema njia ikipimwa vizuri mguu wenyewe hupata ari.

"Mimi nilijua tangu wiki ya pili," Barafu akasema, sasa amefunguka. "Ndiyo maana nilimpunguzia mbio. Mtu ameshapita, unamchosha wa nini? Tukaingia kwenye mahojiano."

"Mahojiano gani?" Shangazi akauliza.

"Ya waandishi, dada yangu. Akishinda si watamfuata? Kila jioni Wembe anashika brashi yake ya ndevu kama kipaza sauti, anamuuliza, 'Winga, siri ya mafanikio yako ni nini?'"

"Naye anajibu nini?"

"Anatakiwa kujibu, 'Namshukuru baba.' Bado anakosea hapo. Anasema, 'Naomba maji.'"

Shangazi hakucheka. Aliweka birika juu ya kigae chake, akajifuta mikono kwenye kanga. Kwa wiki tano hizo mchango wake ulikuwa kahawa na shaka, na shaka haikununuliwa na mtu.

"Hebu niambieni. Mtoto wa watu aliyeongoza mwaka jana ana mwalimu, ana uwanja, ana viatu vya meno. Huyu wetu anakimbia uchochoroni, anaruka mfereji, anakwepa kuku. Halafu anamshinda. Mlipima na nini?"

"Na hii!" Pindo akaivua futi shingoni, akaiinua juu kama mtu anayeonyesha samaki mkubwa. "Sentimita mia na hamsini. Mara ishirini, mita thelathini. Hesabu haina shangazi."

"Nipe."

"Ya nini?"

"Nipe, nimesema."

Hakuipokea yeye. Ibara, aliyekuwa karibu, aliidaka ncha yake kwa mazoea ya kuthibitisha vielelezo. Akashusha miwani. Akaisogeza futi karibu na pua. Akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena.

"Pindo."

"Naam."

"Futi hii inaanzia kumi."

Barafu akasogea karibu.

"Inaanzia kumi namna gani?" Barafu akauliza.

"Hapa mwanzoni. Hakuna moja, hakuna mbili, hakuna tano. Inaanza kumi, inafuata kumi na moja. Kama mtu aliyeanza kusoma akiwa darasa la nne."

"Ah, hiyo!" Pindo akasema, akapunga mkono. "Ncha ilichanika mwaka juzi, ikawa inanasa kwenye nguo za wateja. Nikaikata."

"Ukakata sentimita kumi?"

"Zilikuwa zimechakaa!"

Ibara alikuwa ameshafumba macho, midomo inacheza. "Kumi mara ishirini ni mia mbili. Mita mbili. Njia yenu ina mita ishirini na nane."

"Subirini!" Pindo akapanda juu ya friji kujitetea, akashushwa. "Futi hii haijawahi kukosea! Mteja nampima kwa futi hii, kitambaa nakata kwa futi hii hii. Amewahi kulalamika nani? Inajijua yenyewe!"

Na kwa kweli hapo alikuwa na haki. Kosa likikaa peke yake na kujipima lenyewe, linakuwa sahihi maisha yake yote. Tabu inaanza siku linapokutana na mtu wa nje.

Wembe ndiye aliyekumbuka kwanza. Akamgeukia Pindo polepole, na mkono wenye wembe haukuwa mahali pazuri.

"Suruali ya shemeji yangu."

"Ipi?"

"Ya harusi! Alituma vipimo kwa simu kutoka huko aliko, vimepimwa na futi ya watu wazima. Ukashona. Suruali ikaja imeishia hapa!" Akajikata mguu kwa kiganja katikati ya muundi. "Ameoa amevaa kaptura! Picha zote kasimama nyuma ya maua! Nikakuuliza, ukaniambia nini?"

Pindo akaangalia chini.

"Ukaniambia amerefuka kwa furaha ya ndoa!"

Shangazi akalicheka hilo mpaka akalazimika kushika ukuta. Lakini alipomaliza, alisema kwa sauti ya chini, na kila mtu akasikia, "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yenu ni fupi kwa mita mbili."

Barafu hakucheka. Alikuwa anahesabu. Wiki tatu. Wiki tatu nzima alimwambia mtoto "umeshapita, mwanangu, umeshapita," akamkalisha mbele ya brashi ya ndevu, wakati wenzake huko kwenye shule zao walikuwa wanakimbia. Alikuwa amemwambia mama yake Winga. Alikuwa amemwambia mkuu wa shule. Alikuwa amemwambia mpaka dereva wa gari la maji, ambaye hakuuliza. Akaona haya, na haya yenyewe haikuwa ya futi ya Pindo. Futi ya chuma ilikuwa ndani ya sanduku lake siku zote. Hakuifungua kwa sababu ile nne nukta nane ilikuwa tamu, na mtu hapimi mara ya pili kitu kilicho kitamu kwake.

"Siku ngapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Tisa," Ibara akajibu. "Na saa hizi shule zimetoka. Anakuja."

Benchi la ufundi likaanza kikao cha dharura.

"Asiambiwe," Wembe akasema haraka. "Mtoto ukimvunja moyo siku tisa kabla, umemmaliza. Aende na imani yake. Imani inakimbia."

"Imani inakimbia mita ishirini na nane," Shangazi akasema.

"Mimi naona tatizo si mtoto," Pindo akasema, amepata nguvu upya. "Tatizo ni mita zao. Nani kasema lazima thelathini? Waarabu? Wazungu? Ishirini na nane inatosha kabisa kujua mtu ana mbio."

"Tunaweza kuandika barua," Ibara akakubali, tayari anapapasa kalamu mfukoni. "Moja, kuomba umbali upunguzwe kwa kuzingatia mazingira ya waombaji. Mbili, ikishindikana, kuomba rufaa."

"Na futi yangu tuwapelekee zawadi."

"Na kwenye mahojiano," Wembe akaongeza, "akishindwa, anasema aliumwa. Nitamfundisha. Tuna siku tisa."

Barafu aliwasikiliza, na kinachomuuma mpaka leo ni kwamba kwa muda mfupi aliona wanasema ya maana. Barua ingeandikwa vizuri. Ibara ana mwandiko. Shangazi akamtazama tu.

"Mchelea mwana kulia," akaanza.

"Najua mwisho wake, dada."

"Basi umalize mwenyewe. Huyo anakuja."

Winga alitokea kwenye kona na sare ya shule, begi mgongoni, soksi moja juu moja chini. Aliwaona watu wazima watano wamenyamaza juu ya friji, na hakuna kitu kinachomtisha mtoto kama hicho.

"Shikamooni. Nani kafa?"

"Marahaba. Hakuna aliyekufa," Barafu akasema. "Kaa, mwanangu."

"Nimekaa shule siku nzima, baba."

Basi akamwambia wamesimama. Hakuzunguka, hakuweka sukari. "Zile mita thelathini hazikuwa thelathini. Zilikuwa ishirini na nane. Futi ilikuwa imekatwa. Ile nne nukta nane haipo. Nilikwambia umeshapita, nikakupunguzia mazoezi, na nilikuwa sijui ninachosema. Kosa ni langu, si lako."

Winga akawatazama mmoja mmoja. Wembe akapata kitu cha kuangalia mbinguni. Pindo akapata kitu ardhini. Ibara akafungua gazeti, likiwa juu chini.

"Kwa hiyo kila siku nilikuwa nasimama njiani?"

"Ndiyo."

"Na jioni mnanifundisha kuwaambia watu nimefika?"

Ibara akaligeuza gazeti. Barafu akaona machozi ya binti yanakuja, akatamani ardhi ipasuke immeze yeye, karakana, na friji lake. Lakini Winga alivuta pumzi kwa nguvu, akaweka begi juu ya friji.

"Baba, una futi nyingine?"

Barafu akaingia ndani, akatoka na ile ya chuma. Wakaenda uchochoroni wote, kama watu wanaokwenda kumtambua marehemu. Barafu akapima, Ibara akahakiki, akapima tena. Mstari mpya wa chaki ulikuja kuangukia mbele ya ule wa zamani. Mita mbili ukizisikia kwa mdomo si kitu. Ukiziona chini, ni ndefu kama kitanda.

Winga akakimbia na viatu vya shule. Wembe akakamata saa, akaiangalia, akaifunika kwa kiganja.

"Sema," Barafu akasema.

"Kwa viatu vile, na kuku yule aliyepita..."

"Lete simu." Akaisoma mwenyewe, kwa sauti, na sauti haikuwa nzuri. "Tano nukta mbili."

"Tuandike tano," Pindo akanong'ona.

"Ni tano nukta mbili!" Barafu akafoka, mpaka kuku akaruka. "Mara hii mtoto wangu anaambiwa kilichopo!"

Winga alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti, anahema. Alipoinuka macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa na uso wa mama yake akianza usafi.

"Nikiwa peke yangu miguu inalala," akasema. "Uwanjani nakimbia vizuri kwa sababu beki ananifuata nyuma. Nataka mtu wa kunifukuza. Siku tisa, kila siku, alfajiri na jioni. Nyinyi si ndio walimu wangu? Nani anaanza?"

Hapo ndipo kijiwe kilipopata ugonjwa wa ghafla.

"Moja, magoti," Ibara akasema, akilikunja gazeti. "Mbili, daktari ameniandikia kukaa. Ninayo karatasi nyumbani, naenda kuifuata." Akaondoka kuifuata kwa hatua za haraka sana kwa mtu mwenye magoti.

"Mimi kisigino," Wembe akasema. "Tangu utotoni. Na mzee wa watu kanisubiri, ndevu zimeota upya." Akatokomea.

Pindo akapapasa shingoni. "Sindano nimeiacha kwenye mashine inakwenda. Itashona meza." Akawa wa pili siku hiyo, baada ya Winga, kukimbia mita thelathini kamili.

Uchochoro ukabaki na watu watatu. Barafu alitazama tumbo lake, ambalo kwa miaka kumi na tano halijamfukuza hata mbu. Akatazama mstari wa chaki ulivyo mbali. Kisha akavua kandambili, akakunja suruali mpaka magotini, akampa Shangazi simu.

"Bonyeza hapa wakiondoka. Bonyeza tena wakifika."

"Wakina nani?"

"Mimi na mwanangu."

"Barafu, utakufa."

"Nikifa uandike saa ngapi. Winga, usinihurumie. Nikikushika hapa, hakuna soka tena, unarudi kuosha vyombo mpaka uzeeke!"

Winga akacheka, kwa mara ya kwanza tangu atokee kwenye kona. Kisha Shangazi akapiga kelele, na wakaondoka. Binti alichomoka. Nyuma yake baba alitoa mlio kama gari la mizigo linalopanda mlima, akatukana, akatishia, akaruka mfereji na nusu yake ikatua ndani, akainuka, akaendelea kutishia. Winga hakusimama kwenye chaki ya zamani. Aliipita kama haipo, akaipita na ile mpya, akajipigiza kwenye ukuta wa mwisho kwa mikono miwili.

"Tano kamili!" Shangazi akapaza sauti. "Tano kamili, na viatu vya shule! Uko mlangoni kabisa, mwanangu!"

Winga aligeuka, amepakwa chokaa ya ukuta mpaka puani, anahema na kucheka.

"Na baba?"

Shangazi akaitazama saa, akautazama uchochoro.

"Mwache, anakuja."